Kanga Ambayo Haikuwa Dukani

Mwatum, binti wa kaka yangu, alikuwa akisomea uchoraji. Alikaa kwangu, mtaa wa Ng'ambo, akijifunza maneno ya kuwaambia wafanyabiashara wa kanga, watakapofanya maonyesho yao mtaani Mlandege, ili wanunue michoro yake. Kwenye karatasi, tawi la mkarafuu alilolichora lilipendeza. Nikamwambia alichore kwenye kitambaa cha marekani, ajifunge. Alipojifunga, tawi zima likaishia kwapani.

"Karatasi haivaliwi," nikamwambia. "Anza upya."

Alinuna siku nzima, lakini alianza, na safari hii tawi likakaa mgongoni, wazi.

Siku ya maonyesho alikwenda kajifunga kitambaa hicho hicho kama kanga. Akamwamkia tajiri mkubwa wa kanga: "Shikamoo." Tajiri hata hakugeuka. Wanawake ndio waliomwona. Wakamzunguka, wakamgeuza, wakauliza kanga ile inauzwa duka gani. Hapo tajiri akainuka, akapenya katikati yao.

"Binti, hebu njoo tuzungumze."

Mwatum hakusogea.

"Shikamoo," akasema tena, taratibu.

"Marahaba," akaitikia tajiri, na safari hii Mlandege nzima ilimsikia.