Chumba cha Mama Babua kule Darjeeling

Kila mwaka, sanamu za mungu wa kike Durga zikishatoswa mtoni na mafundi wakianza kufungua mianzi ya mabanda ya sikukuu mtaani, Bithika Samaddar alipandisha nguo za sufu darini zipigwe jua. Hapo mumewe, Pranabesh, alijua kwamba habari za Darjeeling zimeanza.

Walikaa Belghoria, pembeni mwa Kolkata, katika nyumba aliyoiacha baba yake Pranabesh. Pranabesh alikuwa msimamizi wa stoo katika kiwanda cha magunia. Bithika alishona pindo za sari kwa ajili ya duka moja la sokoni, na kumtunza mama mkwe. Jioni walikaa na chai na bisi za mchele zilizochanganywa na kitunguu na mafuta ya haradali, naye Bithika akaanza kupanga. Waende mwisho wa Desemba, wakati Kolkata nzima inapohamia milimani, maana ndipo mawingu hufunguka na theluji ya mlima Kanchenjunga huonekana. Wapande treni ya jioni kutoka stesheni ya Sealdah, na mikate ya kukaanga na viazi vya kula njiani. Wakishuka wakodi gari la jipu, wakae upande wa kushoto. Walale kwa Pemkit, kwenye nyumba ya paa jekundu chini ya barabara, siyo zile hoteli za juu zenye kelele.

"Pemkit ndiye nani?" Pranabesh aliwahi kuuliza.

"Mwenye nyumba," alijibu Bithika, akamwongezea chai.

Hawakwenda. Mwaka mmoja mama mkwe alipooza upande, akawa wa kugeuzwa na kulishwa. Mwaka mwingine mtoto wao Babua alikuwa na mtihani. Mwingine Pranabesh alipasuliwa ngiri, mwingine kiwanda kilifunga milango. Na ipo miaka ambayo hapakuwa na sababu yoyote, ila Pranabesh alisema tu, "Mwakani," akageuza ukurasa wa gazeti. Bithika hakununa. Alizishusha zile sufu, akazirudisha sandukuni pamoja na majani makavu ya mwarobaini.

Majirani waliokuwa wakisafiri walikuja kumwuliza yeye njia. Mitali, binti wa nyumba ya pili, alipotoka fungate alipita kumshukuru.

"Mama mdogo, ule msonobari uliopinda kama mtu anayefunga kiatu, nimeuona. Uko palepale uliposema. Nani alikusimulia?"

"Watu husema mengi," Bithika alijibu. Pranabesh alikuwa pale anakata kucha, akacheka. "Huyu amekwenda Darjeeling mara nyingi kuliko dereva wa jipu," alisema, "nauli yake ni bisi zangu."

Mama mkwe alipofariki na Pranabesh kustaafu, visingizio vikaisha. Mwaka huo yeye mwenyewe ndiye aliyesema waende. Lakini alisema akiwa amechelewa, Desemba imeshaingia. Babua alitafuta vyumba kwenye kompyuta kule Bangalore anakofanya kazi, kisha akapiga simu.

"Baba, hakuna hata stoo ya kulala. Mji umejaa mpaka mwaka mpya. Nendeni Machi."

"Mpigie Pemkit," Bithika alisema kutoka jikoni, na akataja namba bila kuacha kukaanga.

Pranabesh alipiga. Sauti ya mwanamke mzima, Kibengali chake kina lafudhi ya milimani, iliuliza chumba ni cha nani. Alipotaja jina la mkewe, sauti ile ilichangamka.

"Chumba cha dada Bithika? Hicho hatumpi mtu msimu huu, baba. Hicho ni chake kila mwaka."

Pranabesh aliona ni maneno ya biashara. Wenye nyumba za wageni humwambia kila mteja kwamba ni ndugu.

Jipu liliwapandisha ndani ya ukungu, katika msururu wa magari uliotambaa kama ng'ombe waliochoka. Chini ya barabara ilikuwepo nyumba ya paa jekundu, na nyuma yake msonobari ulioinama. Mwanamke mfupi mwenye mashavu mekundu alitoka akifuta mikono kwenye aproni, akampita Pranabesh, akauchukua mkoba wa Bithika.

"Goti linaendeleaje, dada? Mwaka jana uliondoka unachechemea."

"Afadhali kidogo," alisema Bithika, kwa utulivu wa mtu anayejibu salamu ya jirani.

"Na huyu mzee?"

"Mume wangu."

"Ahaa. Yule anayebaki na mama yake." Pemkit alimwinamia kwa heshima. "Karibu, baba. Hatimaye."

Chumbani palikuwa na moto wa kuni. Bithika alifungua kabati bila kuuliza lipi ni la blanketi. Pranabesh alibaki amesimama na kofia yake ya sufu kichwani, masikio yamefunikwa, akahisi kwamba hata masikio hayo yamemdanganya.

"Unasikia?" alisema. Hivyo ndivyo alivyomwita tangu waoane, jina hakulitumia. "Ulikuja huku lini?"

"Ningekuja lini? Umewahi kulala usiku hata mmoja nyumbani pasipo mimi?"

Alifikiri. Hakuwahi.

Asubuhi walikwenda uwanja wa juu. Watu wa Kolkata walikuwa wamejaa pale, wanaitana kwa sauti, wanapigana picha na ukungu mtupu, wanawapandisha watoto kwenye farasi. Muuza chai, kijana aliyevaa glavu zisizo na vidole, alimpa Bithika kikombe kabla hajaagiza. Kilikuwa hakina sukari, kama anavyopenda.

"Leo umekuja na mgeni, shangazi," alisema.

"Mgeni kweli," Bithika alijibu. Mbwa mweusi aliyelala chini ya benchi aliamka, akaja kuegemea mguu wake. Pranabesh alishika kikombe chake kwa mikono miwili. Ukungu ulipita kati yao, na kwa muda akaona kisigino cha mkewe tu na mkia wa mbwa.

Mchana Bithika alipolala, Pranabesh alimfuata Pemkit jikoni. Mama huyo alikuwa anakata kabichi.

"Niambie ukweli, mama. Mke wangu alikuja lini mara ya kwanza?"

"Ile baridi mama yako alipopooza. Nilimkuta ameketi barazani bila mzigo, na kandambili miguuni. Nikamwuliza, dada, umepotea? Akasema, sikupotea, nimechoka tu."

"Alikuwa anafanya nini huku?"

"Hakufanya kitu. Analala. Huyo hapa analala sana." Pemkit aliinua macho. "Mbona unauliza kama hujui? Si wewe uliyekuwa unamruhusu?"

Pranabesh aliikumbuka baridi ile. Alimkumbuka Bithika amesimama mbele ya dirisha la jikoni, mafuta yanaungua kwenye karai, moshi umejaa, naye hasikii. Unasikia? Unasikia? Alimwita mpaka mama yake akaanza kulia kitandani. Alipomshika Bithika mkono, ulikuwa baridi kama samaki wa barafu, na yeye alichomwambia ni kwamba chakula kinaungua.

Siku iliyofuata jua lilitoka, na mlima mweupe ukaonekana wote. Bithika aliutazama kwa adabu, kama mtu anayeonyeshwa picha ya harusi aliyohudhuria. Wakati wa kurudi ukungu ulishuka tena. Walipofika kwenye ngazi za nyumba, Pranabesh aliona mtu barazani. Alikuwa mwanamke aliyejifunika shali la rangi ya majivu, amewapa mgongo, mguu wa kulia ameunyoosha kama mwenye goti bovu. Nywele zilikuwa nyeusi, za mwanamke ambaye bado ni kijana, lakini ile namna ya kuinamisha shingo aliijua. Alilala nayo kitanda kimoja maisha yake yote ya ndoa.

Mkono wa Bithika ulimbana juu ya kiwiko.

"Tusipite hapo sasa. Tuzunguke kwa nyuma."

"Yule ni nani?"

"Tuzunguke, nakuomba."

Walipita kwenye matope, chini ya msonobari, wameshikana kama wanaovuka barabara kubwa. Walipotokea mbele, kiti kilikuwa kitupu. Kikombe juu ya ukingo kilikuwa bado kinafuka. Bithika, ambaye tangu wafike hakushtushwa na kitu, alikuwa anatweta na uso umepauka.

"Nilidhani narudi naye," alisema. "Sikujua kwamba anabaki."

Waliondoka kesho yake, siku walizopanga zikiwa bado hazijaisha. Pemkit aliwafungia machungwa ya njiani, wala hakuuliza kwa nini. Garini, karibu na Kurseong, Pranabesh alivua shali lake akamfunika mkewe magoti, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele za watu.

Nyumbani maisha yaliendelea. Bithika alishona, akaanza kwenda na Mitali kwenye maonyesho ya sari, akamfundisha Pranabesh kupika dengu. Zilipotoswa sanamu mwaka uliofuata, nguo za sufu hazikupanda darini. Jioni Bithika alizungumzia bei ya samaki na ujauzito wa mke wa Babua. Pranabesh alisubiri wiki nzima, kisha akaona aibu ya kusubiri. Siku moja alasiri, alipomsikia akipika, alijifungia chumbani akapiga simu. Alitaka kuomba chumba cha watu wawili, amfanyie mkewe mpango mzima yeye mwenyewe, safari hii wakae mpaka siku ziishe.

"Msimu umeshaanza, baba, na chumba kina mtu," alisema Pemkit. "Dada amefika juzi. Yuko hapo barazani, amelala. Nimwamshe uzungumze naye?"

Jikoni mwiko uligonga karai mara moja, kisha kukawa kimya. Harufu ya mafuta yanayoungua ilianza kupenya chini ya mlango. Pranabesh alifumba macho.

"Hapana, mama," alisema. "Usimwamshe. Mwache alale."

Alikata simu, akaenda jikoni kuzima jiko.