Shangazi alianza kuandaa pombe ya msiba wa baba, na baba yupo hai

Wakuu, habari za mihangaiko. Haya yametokea nyumbani kwetu Sumbawanga, na chumvi sijaongeza.

Mzee wangu alitoa damu chooni muda mrefu akituambia ni bawasiri tu. Tulipombeba hadi hospitali ya rufaa, vipimo vikaonyesha ni saratani ya utumbo mpana. Wakamfanyia upasuaji, wakakata kipande cha utumbo chenye uvimbe. CT scan nayo ikaonyesha imeshafika kwenye ini.

Hapo ndipo nilipoboronga. Nilimpigia shangazi, dada yake mzee, nikilia: "Imefika kwenye ini!" Nikakata simu. Sikumwambia kwamba daktari kasema madoa kwenye ini ni machache, atapewa chemo, zile dawa za saratani, ili yasinyae, kisha wayakate, na ini linalobaki hukua tena. (Wakuu, ukipiga simu nyumbani, maliza maneno.)

Sasa kwetu msiba bila pombe ya ulezi ni aibu, na ulezi unaloweka, unausubiri uchipue, unaanika, unasaga. Ni kazi ya siku nyingi. Na shangazi ni mtu wa mipango.

Tunashuka kwenye gari na mzee, aje apumzike kabla ya chemo, uani mikeka imejaa ulezi uliochipua. Wa ghala la mzee mwenyewe!

"Dada, nani amekufa?"

Shangazi akapiga magoti. "Bado, kaka."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mzee hakucheka. Alisusa. Eti harudi hospitali, si tumeshamzika? Siku tatu kageukia ukutani, na chemo ni Jumatatu. Wakuu, niliogopa.

Ikabidi nimweleze yote, shangazi akisikia: "Baba, inaweza kupona, inaweza kurudi. Ila ukikaa hapa itakumaliza."

Aliyelia ni shangazi. Mzee akainuka: "Nifungieni begi. Na huo ulezi pikeni uji."

Dripu za chemo zilimnyoosha. Upasuaji wa ini ukamnyoosha zaidi. Juzi tumechukua majibu: hakuna doa jipya. Daktari hakusema amepona, alisema wataendelea kumwangalia.

Mzee akauliza swali moja tu: "Mwaka huu nilime mahindi?"

"Lima, mzee," daktari akamjibu.

Nilitoka nje nikalia kama mtoto.

Nilichojifunza: damu chooni usijipe jibu mwenyewe, kapime. Na ikifika kwenye ini, muulize daktari kwanza kabla ya kukata tamaa. Mwenye mgonjwa wa hivi atiririke hapa chini, tupeane moyo.