Siku Kompyuta Ilipochora Mavi ya Nzi

Haya, sogeeni, sogeeni! Wewe unayetafuna michembe, hivyo viazi vikavu, tafuna polepole, meno yako yanapiga kelele kuliko jenereta niliyokuwa naiwasha mimi. Kila siku mnaniuliza kwa nini nikiona kompyuta natema mate pembeni. Leo nawaambia, na asiye na tumbo gumu akae karibu na mlango.

Ilikuwa miaka ile ya tisini, watafiti wa dhahabu wamejaa huku kwetu kama nzige. Mimi nikapata kazi kwenye kambi moja upande wa Mwakitolyo. Kazi yangu jenereta: kuiwasha, kuinywesha dizeli, kuitukana ikikohoa. Kabla ya hapo nilikuwa muoshaji wa dhahabu huko Geita. Miaka sita nimeinama kwenye tope la mawe yaliyosagwa, naangalia mchanga unavyoteremka juu ya gunia, natafuta kipunje kinachong'aa. Maji yale yalikuwa yametumika mara mia. Watu walifulia humo, walinawia humo, na mengine sisemi, kuna watu wanakula. Nilitoka kule nina upele mpaka kwenye kope. Niliapa sirudi, hata niitwe na malaika.

Basi bosi wetu, aliyekuwa anakaa Mwanza, akatoa amri: "Jumamosi saa kumi nakuja. Nikikuta picha ya kuonyesha dhahabu imejaa wapi, tunaendelea. Nisipoikuta, mahema yanang'olewa, kila mtu kwao." Na kwangu mimi "kwao" ni lile tope.

Picha ilikuwa mikononi mwa mtaalamu wa kompyuta, kijana wa Dar, mwembamba kama waya, msomi wa hesabu. Msomi kweli, lakini mchafu, jamani! Soksi zake akizivua anaziegemeza kwenye nguzo ya hema na zinasimama. Dagaa anawala juu ya kibodi, vichwa vinadumbukia katikati ya herufi, sisimizi wanavifuata kwa foleni kama wanakwenda mnadani. Hema lake lilinuka kuliko choo chetu, na choo chetu kilikuwa kimejaa mpaka ukichutama mnasalimiana.

Programu yenyewe ya hesabu ilikuwa ya bure. Walioitengeneza hawakupi chakula kilichoiva, wanakupa unga, unausonga mwenyewe ndani ya kompyuta. Mtaalamu aliita kukompaili. Ijumaa akasonga kutwa nzima. Mistari inateremka kwenye kioo kama tope juu ya gunia. Mimi kusoma sijui, lakini macho yangu yamesomea matope. Nikaona pale mwanzoni mistari yote inaisha na mkia uleule, halafu mmoja ukapita na mkia mfupi.

"Mtaalamu," nikamwambia, "kuna mmoja umepita una mkia mfupi."

"Mzee, angalia dizeli yako," akanijibu, mdomo umejaa dagaa.

Jumamosi asubuhi ikawa imeiva. Akaingiza namba za dhahabu iliyopimwa kwenye udongo tuliouchota kila kona ya kambi, tangu kabla hata choo hakijachimbwa. Hesabu ikapiga vizuri tu. Akaiambia chora. Ikachora vinyota! Hapa vitatu, pale kimoja, vimetapakaa ovyo. Mimi nimekulia kwenye ng'ombe, nayajua mavi ya nzi kwenye kibuyu cha maziwa. Ndiyo hayohayo.

Mama mpishi wa kambi, aliyezoea kuniita shemeji, akachungulia, mwiko mkononi. "Hii ndiyo picha ya dhahabu? Shemeji, funga mizigo."

Mtaalamu akalowa jasho. "Haiwezi kuchora," akasema kwa sauti ndogo. "Imejisonga bila vifaa vya kuchorea. Sasa mbona haikuniambia?"

"Ilikuambia jana," nikasema. "Mkia mfupi."

Akaniangalia. Akairudisha ile mistari, taratibu, na mimi nimeinama nyuma ya bega lake nimeziba pua. "Huo hapo!" Kumbe kabla ya kusonga, programu inaihoji kompyuta: hiki unacho? Ndiyo. Na hiki? Ndiyo. Ilipouliza vifaa vya kuchorea ikajibiwa hapana, ambayo kwa Kiingereza ni herufi mbili tu, ndiyo mkia mfupi, nayo ikaendelea kimya kimya, kama mpishi aliyekosa chumvi akaona aibu kusema.

"Vifaa ninavyo kwenye disketi," mtaalamu akasema. "Nilidhani havihitajiki. Mzee wangu, nipe ile soksi ya kijivu."

Alizifunga kwenye soksi zisigongane ndani ya basi. Mimi nikajua ni soksi safi. Wenzangu, ile soksi ilikuwa mbichi! Kiangazi kikali, ng'ombe wanalamba umande, soksi ya mtaalamu ina chemchemi! Nikatumbukiza mkono, harufu ikapanda mpaka begani. Kuna nzi alikuwa ananifuata tangu asubuhi, hapo akageuza. Nikazitoa disketi moja moja, nikazifuta kwenye kaptula. Kaptula ile niliichoma moto.

Akaviweka vifaa, akaanza tena. Nikakodoa macho. "Bado mfupi!"

Akajishika kichwa. "Ina daftari lake! Inasoma jibu la jana, haiulizi tena!" Akalifuta lile daftari, akamwaga na ugali wote wa jana, akaanza upya kabisa. Safari hii mikia yote sawa. Sikupepesa mpaka macho yakakauka kama hiyo michembe yako. Halafu nikakimbilia jenereta, nikaipepea kwa sinia tangu saa tatu mpaka saa tisa isije ikazimika.

Saa kumi gari la bosi likaingia. Bosi akaingia hemani, akatoka, akavuta pumzi, akaingia tena na leso puani. Mtaalamu akabonyeza. Kikachoreka kilima! Mistari imesukwa kama wavu, inapanda, inapanda, kileleni imechongoka kama kichuguu. Bosi akatabasamu. "Tunabaki."

Nikaikumbatia jenereta ikiwa ya moto vilevile.

"Sasa kilele hiki, penye dhahabu nyingi, ni wapi?" bosi akauliza.

Mtaalamu akahesabu hatua kwenye ramani. Akahesabu tena. Akanyoosha kidole nje. Kidole kikapita jikoni, kikapita kwenye jenereta yangu, kikatua chooni.

Bosi akanigeukia. "Wewe si ulikuwa muoshaji? Jumatatu unaanza pale. Chimba, osha, niletee nione."

Nikabaki nimeachama, na kwa harufu ya lile hema, kuachama lilikuwa kosa. Mama mpishi akadondosha mwiko, akabwata:

"Kumbe mwaka mzima mimi napika, nyie mnakwenda kuweka benki! Haya shemeji, kazitoe!"