Inchi Themanini na Sita

Aliyekuwa haoni ni mimi. Nililikana jambo hili kwa miaka mitatu, mbele ya mume wangu, mbele ya kamati, hata mbele ya sindano, ambazo nilidai siku hizi zinatobolewa matundu madogo mno.

Nilikuwa katibu wa chama cha wafugaji nyuki, Tabora mjini. Projekta yetu ilipokufa, kamati ilinituma dukani Gongoni nikachague skrini ya chumba cha mikutano. Nilitumwa kwa sababu nimesoma chuo kikuu, na kwetu aliyesoma chuo kikuu hudhaniwa kujua kila chenye waya. Ukubwa walishakubaliana: inchi hamsini na tano.

Muuzaji, mama mchangamfu wa rika langu, aliniuliza mtu wa mwisho anakaa hatua ngapi kutoka ukutani. Nikasema saba. Akawasha skrini ya ukubwa huo, akaweka ukurasa wa maandishi, akanirudisha nyuma hatua saba hadi mlangoni.

"Haya shoga, soma."

Niliona siafu wanahama.

"Ndogo hii," nikasema.

"Ndogo? Mbona yule kaka anaisoma?"

Kweli, mteja mmoja aliyekaa kwenye benchi la barazani, nyuma yangu, akisubiri redio yake, alikuwa anausoma ukurasa wote kwa sauti, bila kuombwa.

"Si kwa ajili yangu," nikasema. "Tuna wazee."

Nikachagua ya inchi themanini na sita. Kabla ya kuidhinisha, mwenyekiti akataka kujua ni wazee gani hao wasioona. Mjumbe wetu wa Usinge hakuwepo siku hiyo. Katika vikao alikuwa na desturi ya kuegemea kiti, kufumba macho na kusubiri kusomewa. Nikamtaja yeye. Ilinichukua muda mfupi kuliko kupiga chafya.

Skrini ikaja, ikabebwa na watu wanne, ikapita mlangoni kwa ubavu. Wajumbe waliipigia makofi. Mimi niliyapiga kwa nguvu zaidi, maana nilisoma ajenda nzima bila kubahatisha.

Sasa, huyo mzee ndiye aliyekuwa mkaguzi wetu wa asali. Kila ndoo iliyoingia ghalani aliichota kidogo kwenye chupa, akaiinua juani, akasema ipite au ikachujwe tena. Wafugaji wa vijiji vya mbali walimwamini kuliko walivyotuamini sisi wa ofisini. Mwezi uliofuata, akiwa amekwenda msibani, mjumbe mmoja akauliza, "Kama ukuta haoni, taka kwenye asali anazionaje?" Watu wakacheka. Kisha wakaacha kucheka. Ikaamuliwa apumzishwe, na kikao cha Alhamisi ya mwisho wa mwezi kithibitishe.

Kumbukumbu za kikao niliandika mimi. "Kwa sababu ya macho."

Siku mbili kabla ya hiyo Alhamisi alikuja ofisini kwangu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nani kawaambia kwamba sioni?"

"Sijui, mzee. Kikao kilijadili tu."

Akatazama dirishani, ambapo kulikuwa na chupa ya asali ya mfano. Akaiinua kwenye mwanga.

"Humu kuna bawa la nyuki. Unaliona?"

"Naliona."

"Liko wapi?"

Niliona rangi ya njano, basi. "Hapo juu, karibu na kifuniko."

Akanitazama kwa muda mrefu kuliko alivyoitazama chupa. "Liko chini kabisa," akasema, akairudisha mahali pake taratibu. "Mimi sitasema kitu, mwanangu. Kikao ni keshokutwa."

Ningefurahi kuandika kwamba nilimkimbilia nje. Nilikaa. Na Alhamisi nikaomba udhuru wa homa, nikabaki nyumbani Kwihara nikipalilia karanga. Niling'oa magugu, niling'oa na karanga, sikujua kipi ni kipi. Saa tano, nikijua watakuwa wamefika kwenye suala lake, nikampigia mwenyekiti.

"Mama, pole na homa. Tuko kikaoni."

"Mzee wa Usinge anaona vizuri," nikasema. "Nilidanganya. Asiyeona ni mimi. Skrini niliichagua kwa ajili ya macho yangu."

Nikasikia akibonyeza kitu, kisha akasema, "Rudia tena, mama. Nilikuwa sijaweka sauti kubwa. Sasa nimeweka, wote wanakusikia."

Nikarudia yote, nimesimama katikati ya karanga, jembe mkononi. Mtu mmoja alikohoa. Mwingine akasema, "Na shahada zote zile!"

"Mzee," mwenyekiti akauliza, "umesikia?"

"Nimesikia. Masikio nayo mtayapumzisha?"

Kicheko kilichofuata hakikuwa cha kumcheka yeye.

"Basi Jumatatu unarudi ghalani, mzee. Kuna anayepinga?" Hakuna aliyepinga. "Mama, uko hapo bado?"

"Nipo."

"Hilo limekwisha. Homa nayo tuiache," akasema, akakata simu.