Siku Ngoma za Vumbi Kali Ziliposhikwa na Baridi

We jamani, sogeza stuli ukae vizuri, maana nikianza hii sitaki mtu aniambie anakwenda kuangalia maharage jikoni. Yakiungua yaungue.

Juzi mtoto wa dada yangu kaja na simu yake, kanipachika vile vidude vya masikioni, kaniambia, "Mama mdogo, hebu sikiliza hii." Nikajua ni yale mambo yao, mtu anaimba kama kabanwa vidole na mlango. Mara gitaa likaanza. Nikaruka! Na magoti yangu haya, nikaruka. Nikapiga kelele sebule nzima, "Mjomba! Huyo mjomba!" Mtoto wa watu akakimbilia mlangoni kuangalia nani kaja.

Eti kuna Wazungu wamezunguka huko na huko wakikusanya kanda za zamani, wakaziokota za Vumbi Kali, bendi ya uani kwetu Mwananyamala. Wamezifuta vumbi, wamezitoa zote kwenye santuri moja: nyimbo za mwanzomwanzo, za mazoezi, zilizopotea, hata zile ambazo wenyewe walikuwa washazisahau. Na ndani kuna kijitabu. Mtoto akanitafsiria: Vumbi Kali walipiga roki kwa mwendo wa mbio ambao hakuna bendi nyingine mjini iliyouthubutu, na mpaka leo wajuzi wa muziki wanajiuliza mbio zile walizitoa wapi.

Nilicheka mpaka kidude kimoja kikatoka sikioni. Waniulize mie! Mbio zile zilitoka kwenye jiko la mkaa la bibi yangu.

Sasa njoo nikupeleke. Mwananyamala ya enzi za Ujamaa, nyumba ya vyumba sita, ukumbi katikati, uani kuna choo, kisima kilichokauka na sie. Bibi yangu, mzaa mama, alitoka kusini, upande wa Lindi, akaja na kinu chake na ulimi wake, na sijui kipi kilikuwa kizito zaidi. Kazi yake vitumbua. Mie nilikuwa binti wa darasa la tatu, na kabla ya kwenda shule nishatwanga mchele, nishachota maji bombani, nishagombana na mtu kwenye foleni. Harufu ya iliki ndiyo ilikuwa saa yetu ya kutuamsha. Mpaka leo nikiinusa, mkono unatafuta mwichi.

Mjomba alikuwa kitindamimba wa bibi. Nywele zake kubwa kama kapu la dengu, suruali bugaluu, chini pana kiasi kwamba kuku wetu mmoja aliwahi kuingia asubuhi akatoka mchana. Basi huyo na wenzake wawili ndiyo bendi. Yeye gitaa na kuimba. Rafiki yake mmoja besi, mtu mpole, sijawahi kumsikia akimaliza sentensi. Na kwenye ngoma alikuwepo mchonga vinyago mmoja wa kule Mwenge, mtu wa kusini kama sie, mabega kama mlango wa ghala.

Huyo mchongaji usimuone hivihivi. Bendi nyingine zilikuwa na ngoma za dukani, zinang'aa. Yeye akasema pesa hiyo hana ila patasi anayo. Akachonga ngoma tatu za mti, kubwa, ya kati na ndogo, akaziwamba ngozi ya mbuzi, kubwa akaifungia pedeli ya baiskeli aipige kwa mguu. Ukiziona unacheka. Ukizisikia unanyamaza. Dum! Kifua kinaitika.

Umeme je? Nyumba yetu haikuwa nao. Tulivutaga waya kutoka kwa Mwarabu wa duka la pembeni, unapita juu ya ukuta, unaingia dirishani kwa mjomba. Yule mzee alikuwa anazima friji lake ili amplifaya ipate nguvu, halafu anatoka barazani kulalamika. "Nyie vijana, mnanichemshia soda zangu!" Lakini haondoki. Anasimama palepale na msuli wake, kidole gumba cha mguu kinahesabu mapigo. Kila asubuhi bibi alimpelekea vitumbua vya moto, mambo yakaisha.

Mwanzoni walijiita Dasti Boizi. Balozi wa nyumba kumi akaja, kavaa shati lake la kijani, akasema majina ya kikoloni hayataki kwenye nyumba zake. Wakakaa chini, wakajibadilisha, wakawa Vumbi Kali. Balozi akaridhika. Vumbi likabaki lilelile.

Halafu akaja tena, safari hii hana utani. Tulikuwa tunakula. Bibi akamkaribisha, akakaa kwenye kigoda.

"Mama," akamwambia bibi, "nakuheshimu ndiyo maana nimekuja mwenyewe. Vijana wote wasio na kazi wanapelekwa vijijini wakalime. Lori litapita na huku. Huyu wako ana kazi gani?"

"Anapiga gitaa," bibi akasema.

"Hiyo siyo kazi, mama. Hiyo ni kelele."

"Mbona juzi kwenye harusi ya binti yako ulicheza hiyo kelele mpaka kofia ikaanguka?"

Balozi akakohoa. Akasema yeye hana ubaya, akionyeshwa kitambulisho cha kazi yameisha, asipoonyeshwa atamuonyesha dereva wa lori nyumba ilipo. Akaaga, akachukua kitumbua kimoja cha njiani.

Bibi hakula tena siku ile. Usinielewe vibaya, kulima siyo aibu, bibi mwenyewe mikono yake ilikuwa ya jembe. Lakini alishazika wanawe wawili kule kusini, na mama yangu yupo Tanga kwa mumewe. Aliyebaki wa kumwita "mama" asubuhi alikuwa yule na nywele zake. Na mie, nani angenifundisha kupiga mluzi kwa vidole viwili?

Mlango ulikuwa mmoja tu. Shirika moja la umma lilikuwa linatafuta bendi. Enzi zile shirika likishapata magari na mhasibu, kinachofuata ni bendi. Ukichukuliwa unapata mshahara, vyombo na kitambulisho. Lakini mkubwa wa pale alisema hachukui watu wa uani, anachukua watu aliowasikia redioni. Mjomba akaenda redioni kuomba, akarudi, akaenda, mpaka wakampa asubuhi moja ya kurekodi, kabla ya kwaya fulani kuingia.

Tatizo lingine, nyimbo zao zote mapenzi. Mkali kuliko wote ulikuwa unamwita binti mmoja Zuhura, njoo nikukumbatie, bila wewe silali. Redioni wakasema tunataka wimbo wa kujenga nchi. Mjomba akajifungia chumbani, akatoka kamtoa Zuhura kamuweka pamba. "Pamba, njoo nikukumbatie, bila wewe silali." Mtu ambaye pamba kaiona kwenye godoro! Lakini ukiusikiliza, hakuna mkulima yeyote aliyewahi kulipenda zao lake namna ile. Na ulikuwa wimbo wa taratibu, kumbuka hapo, wa kutembea, wa kuburuza mguu.

Asubuhi ya kurekodi mvua ya masika inamwagika. Mwarabu wa duka katutolea gari lake la mizigo, na turubai juu. Bibi kapanda na jiko lake, mkaa, na ndoo ya unga ulioumuka. Mjomba akalia, "Mama, tunakwenda redioni, siyo sokoni!" Bibi akamwambia mtu mwenye tumbo tupu hasikii muziki, atawakaangia wakubwa vitumbua vya moto palepale. Na mie nilipandaje? Usiniulize. Turubai ni kubwa, mtoto ni mdogo.

Getini mlinzi akaliona jiko. "Hii hairuhusiwi, mama. Hapa ofisi ya serikali."

"Shikamoo yangu hujanipa, unaanza na jiko?"

"Shikamoo mama. Jiko haliingii."

Likabaki kwenye kibanda chake. Sie tukaingia na ngoma. Wee! Kumbe kwenye jiji la joto kama hili kuna watu wamenunua mashine ya kutengeneza baridi! Chumba kina mazulia ukutani, kinapuliza kama mdomo wa pango. Mie meno yanagongana, naona raha. Mjomba akapachika waya, besi ikaitika, fundi mitambo nyuma ya kioo akainua kidole. Mchongaji akakanyaga pedeli.

Bwe.

Akapiga ya kati. Bwe. Ndogo, bwe. Kama mtu anachapa godoro lililokojolewa. Ngozi zimelowa na mvua, zikaingia kwenye baridi, zikalala. Uani kwetu hatukuwahi kuliona hilo hata siku moja, maana ngoma zilikuwa zinakaa ubavuni mwa jiko la vitumbua, asubuhi mpaka jioni zinaota moto bila mtu kuzipangia. Tulidhani zinalia vile kwa sababu zimechongwa vizuri.

Fundi mitambo akasema kwa kipaza, "Jamani, hiyo ngoma inaumwa. Muda unakwenda, kwaya iko nje."

Mjomba akakaa chini kwenye zulia, akashika nywele zake. Mtu wa besi akaanza, "Labda tu..." akaishia hapo kama kawaida yake.

Bibi akafungua khanga, akaifunga upya kiunoni. Ukimuona mwanamke wa kusini anafunga khanga mara ya pili, toka njiani. "Beba hizo," akamwambia mchongaji. Tukarudi getini.

"Mwanangu," akamwambia mlinzi, "umekunywa chai?"

"Bado, mama."

"Basi kaa hapo, usiangalie huku."

Akawasha jiko ndani ya kibanda cha mlinzi, akapepea mpaka cheche zikaruka. Mkono mmoja unageuza vitumbua, mkono mwingine unazungusha ngoma juu ya makaa kama anamkausha mtoto aliyetoka kuoga. Moshi unatoka dirishani, watu wa barabarani wanasimama. Mlinzi kitumbua cha kwanza akala kakasirika, cha pili kanyamaza, cha tatu akainuka akasema, "Mama, hiyo ya kati imeiva. Nipe niipeleke."

Basi tukawa tunakimbia! Korido ndefu, sakafu inateleza, mchongaji mbele na kubwa, mlinzi na ya kati, mie na ndogo kifuani, inaniunguza na sijali. Waimbaji wa kwaya wamejipanga ukutani na majoho yao, wanatupisha kama gari moshi. Fundi mitambo akatutazama, akauliza, "Nyie ni bendi au zimamoto?"

"Washa mtambo!" mchongaji akafoka. "Washa zinapoa!"

Taa nyekundu ikawaka. Mchongaji alijua ngozi zile zina pumzi chache tu, akaanza kwa kasi kama anafukuzwa na nyuki. Mjomba akamtolea macho, apunguze, wimbo wa kutembea huu! Wapi! Jamaa kashaondoka. Ikabidi wamfuate. Gitaa likakunja ngumi, besi ikashika mbio, na mjomba akaimba pamba, njoo nikukumbatie, kama mtu anayekimbilia behewa la mwisho. Mie nimebanwa kwenye kona, nimeziba mdomo kwa mikono miwili, maana fundi alisema atakayekohoa atalimeza jiko. Mwili wote unataka kulipuka! Sijawahi kusikia kitu kama kile, wala wao hawajawahi. Ngoma zikaanza kushuka sauti, zinashuka, zinashuka, na kadiri zinavyoshuka ndivyo jamaa anavyoongeza mbio, na pigo la mwisho likatua ngozi ikiwa imebakiza punje ya pumzi. Bwe.

Fundi mitambo kavua vile vya masikioni. Akasema, "Mungu wangu. Nendeni. Sirudii."

Wimbo ukapigwa redioni. Nakwambia mtaa mzima ulisimama, Mwarabu wa duka akafungulia redio mpaka kioo cha kabati kikalia. Mkubwa wa shirika akausikia. Wiki hazikupita nyingi mjomba akaletewa kitambulisho, na kwa vile shirika halikuwa na cheo cha gitaa, waliandika karani wa stoo. Balozi alikuja kukikagua, akakigeuza mbele na nyuma, akamrudishia kwa mikono miwili. "Karani," akasema, "kwenye maulidi ya kwangu mtakuja?" Lori lilipita. Lilipofika kwetu bibi alikuwa mlangoni anapepea jiko, hata kichwa hakuinua.

Sasa yote hayo hayapo. Shirika lilikufa, vyombo vikauzwa. Uani kwetu kumesimama ghorofa, chini wanauza vioo vya simu. Kanda za redioni zilirekodiwa juu yake mambo mengine, ndiyo maana hii moja iliyobaki Wazungu wanaishika kama yai. Bibi alishatangulia, mtu wa besi naye, katikati ya sentensi. Mchongaji sijui. Naulizia Mwenge, vijana wananiambia mabega kama hayo hawajayaona.

Mjomba yupo. Tena yuko kusini, huko huko Lindi, ana mikorosho yake. Uzee ulipofika alipanda basi mwenyewe, kwa hiari yake, akaenda kulima. Basi juzi ile nikampigia, nikamwambia, shikamoo mjomba, tulia usikie, nikaisogeza simu moja kwenye nyingine. Nikamsikia anapumua tu. Wimbo ukaisha.

"Mjukuu wa mama," akasema mwishowe, "hivi sie tulikuwa tunakimbilia wapi vile?"

"Mlikuwa mnakimbilia kubaki, mjomba."

Akacheka, kikohozi kikamshika, akacheka tena. Halafu akasema niurudishe mwanzo.