Nyundo mbovu ilimnyima jicho, leo mafundi Moshi hawanunui kifaa bila kumuuliza

Ni saa moja na nusu asubuhi, Jumamosi. Margareta Kiwelu ameinama mwisho wa benchi lake la kazi huko Shirimatunda, pembezoni mwa mji wa Moshi. Anautazama ubao wa mringaringa kutoka ncha moja hadi nyingine kuona kama umenyooka. Anapitisha kidole gumba ukingoni, anasita mahali ambapo mgeni haoni tofauti yoyote, kisha anachukua randa na kuipitisha mara mbili tu.

Nyuma yake wanaume wawili wamekaa juu ya gogo, wanasubiri. Hawakuja kuagiza kitanda wala kabati. Kila mmoja ana kifaa kipya mfukoni, na hataki kukitumia kabla mama huyu hajakiona.

Wa kwanza ni Calvin, seremala wa miaka 26 mwenye kibanda chake mtaa wa Soweto, hapohapo Moshi. Anatoa msumeno wa mkono ambao bado una karatasi ya kiwandani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Umeshaukatia mbao?"

"Bado. Mwenye duka amesema nikiurudisha mzima anaupokea."

"Hapo umetumia akili."

Margareta anaukunja msumeno taratibu mpaka ncha inakaribia mpini, halafu anauachia. Chuma kinarudi, lakini hakinyooki sawasawa. Kimebaki na mpindo mdogo karibu na katikati. Anamwonyesha Calvin kwa kidole. Calvin anacheka, anautia msumeno kwenye mfuko.

"Basi narudisha," anasema.

Wa pili ni Melkior, fundi mwashi mwenye umri wa miaka 58, ambaye amekuja na pima maji. Margareta anaiweka juu ya benchi, anasoma lile povu la ndani, kisha anaigeuza kushoto iwe kulia na kuisoma tena. Povu limekaa palepale.

"Hii ni nzima. Kajenge," anamwambia.

Margareta ana umri wa miaka 54. Amefanya useremala kwa miaka 31, na kwa zaidi ya miaka minane kati ya hiyo amefanya kazi akiwa na jicho moja linaloona. La kushoto lilipofuka mwaka 2017, kwa sababu ya nyundo ya shilingi elfu nne.

Alizaliwa Uru, kwenye mteremko wa mlima, katika familia ya wakulima Wakatoliki wenye kihamba, shamba la ukoo lenye kahawa na migomba. Baba yake alikuwa mkulima, lakini msimu wa mvua alikuwa akitengeneza viti na meza chini ya paa la banda la ng'ombe. Wanawe wa kiume hawakuvutiwa na kazi ile. Binti yake wa nne ndiye aliyekuwa akibaki bandani.

"Baba hakuwahi kuniambia nijifunze, na hakuwahi kuniambia nitoke," anasema Margareta. "Siku moja alinipa patasi, akaniambia, hii ni ya kwako, usimwazime mtu. Nikajua nimekubaliwa."

Alipoolewa na Aristides, dereva wa trekta, walihamia Shirimatunda. Majirani walishangaa kuona mwanamke anapiga randa uani, na wengine walimpa kazi ili tu waone kama ataweza. Baada ya miaka michache hakuna aliyeshangaa tena. Watu wanamwita Mama Tito, kwa jina la mwanawe mkubwa anayefanya kazi Dodoma.

Septemba 2017 alikuwa akifunga fremu za milango kwenye nyumba mpya. Mpini wa nyundo yake ya zamani ulikuwa umevunjika asubuhi ile, na mwenye nyumba alikuwa na haraka. Akapita duka la vifaa mjini, akanunua nyundo ya kwanza aliyoiona.

"Sikuiangalia. Niliuliza bei tu, nikaweka kwenye kikapu," anasema. "Mimi niliyefundishwa na baba yangu kuchagua hata gogo la mpini!"

Saa sita mchana alikuwa akigongea msumari wa zege. Kwenye pigo la tatu, kipande cha chuma kilimeguka kwenye ukingo wa nyundo. Kilikuwa kidogo kuliko nusu ya punje ya mchele.

"Sikusikia maumivu mara moja. Nilihisi kama mtu amenipulizia pilipili. Nikafumba jicho, nikaendelea kushika fremu isianguke. Ni yule jamaa aliyekuwa anapaka rangi aliyenitazama, akapiga kelele. Hapo ndipo nilipogusa shavu, nikaona damu."

Alifanyiwa upasuaji mara mbili. Kipande kilitolewa, lakini uwezo wa kuona haukurudi. Kwa miezi minne hakuingiza hata senti, na familia iliuza ng'ombe wake wa maziwa ili kulipia matibabu na ada ya shule.

Kurudi kazini kulikuwa kugumu kuliko alivyotarajia. Mtu aliyezoea macho mawili akibaki na moja hupoteza kipimo cha umbali. Margareta alikuwa akinyoosha mkono kuchukua kikombe cha chai na kushika hewa. Mara ya kwanza aliposhika nyundo tena, alijigonga dole gumba, akaiweka chini na kuingia ndani.

"Alikaa kitandani bila kulia," anasema mumewe, Aristides. "Ningefurahi angelia. Nikamwambia, Mama Tito, kama basi, basi, tutalima. Akanijibu, niletee gogo."

Aristides alimletea gogo la mgrivea, akaliweka nyuma ya nyumba. Kila asubuhi Margareta alipigilia humo misumari ishirini kabla ya kunywa chai. Siku ya kwanza alikosa kumi na moja. Alijifunza kuishika misumari chini zaidi, kugusa kichwa cha msumari kwa nyundo kabla ya kuinua mkono, kutumia vidole pale ambapo jicho halimwambii ukweli. Wiki ya sita hakukosa hata mmoja.

"Nikawaambia nyumbani, jamani, mafundi wote wanafumba jicho moja wakitaka kuona kama ubao umenyooka. Mimi langu limeshafumbwa, nimepunguziwa kazi," anasema na kucheka. "Walicheka kwa mara ya kwanza tangu ajali."

Januari 2018 alifanya jambo ambalo mafundi wa Moshi bado wanalisimulia. Aliifunga ile nyundo kwenye gazeti, akaenda nayo dukani alikoinunua, mitaa ya katikati ya mji. Mwenye duka ni Dhirendra, mzee ambaye familia yake imeuza misumari, bawaba na rangi mjini humo tangu enzi za babu yake.

Dhirendra anakumbuka vizuri. "Nilimwona amefunga kitambaa jichoni, akaweka nyundo juu ya kaunta, akaniambia ilivyotokea. Nikamuuliza, mama, unataka nikulipe kiasi gani?"

"Nikamwambia, Mzee Dhirendra, sijaja kwa ajili ya hela," anasema Margareta. "Nimekuja uione. Na ulete nyingine za katoni hiyo tuzipime hapa hapa, mbele ya watu."

Alikuwa amekuja na tupa mpya. Alieleza kuwa uso wa nyundo nzuri ukiusugua kwa tupa, tupa huuma kidogo tu. Ikiuma sana, chuma ni laini, kitabonyea. Ikiteleza bila kuuma kabisa, kama unasugua kioo, chuma kimefanywa kigumu mno na kinaweza kumeguka.

Zilikuwa zimebaki nyundo kumi na mbili. Dhirendra alizisugua mwenyewe, moja baada ya nyingine, huku wateja wamesimama wanatazama. Nne zilikuwa laini. Kwenye tano tupa iliteleza. Tatu tu ndizo zilizokuwa sawa.

"Nilikuwa nauza bila kujua ninachouza," anasema Dhirendra. "Nilijua bei, nilijua kiwanda. Chuma sikukijua. Niliitoa katoni ile dukani siku ileile. Hasara ilikuwa yangu, lakini mama yule alikuwa ameshapata hasara kubwa kuliko mimi."

Tangu wakati huo, tupa moja imefungwa kwa mnyororo kwenye kaunta ya duka lake, na mteja yeyote anaruhusiwa kupima. Ndilo duka lililompa Calvin ruhusa ya kurudisha msumeno.

Habari zilienea. Mafundi wakaanza kumfuata Margareta awasindikize dukani, au kumpelekea kifaa nyumbani. Hatozi malipo. Wengine humletea ndizi, wengine mbao za mabaki.

Anachoangalia hakina siri. Kwenye mpini, mistari ya mti lazima ikimbie kwa urefu mpaka kwenye kichwa cha nyundo; ikikatiza kwa upana, mpini utavunjika. Kwa mipini yeye hupenda mpera uliokauka kivulini mwaka mzima. Kwenye randa anaweka rula ya chuma chini ya tumbo lake na kuinua kuelekea mwangani: mwanga ukipita katikati, randa imepinda. Patasi anaikagua upande wa bapa kwanza, kwa kuwa wengi hutazama makali tu.

Na jina la kiwanda?

"Jina linachapishwa na yeyote. Nimeona randa ya bei kubwa, ina jina la kung'aa, tumbo limepinda kama mkeka. Nimeona randa kuukuu kwenye mitumba, kutu tupu, nikainunua elfu ishirini na tano, nikaisugua siku mbili. Ndiyo hii unayoiona mkononi. Mpya ya kiwango chake haipungui laki moja na ishirini."

Melkior, yule mwashi, anaafiki kwa uzoefu wake mwenyewe. Aliwahi kujenga ukuta mzima kwa pima maji aliyoinunua bila kuigeuza. Ukuta ukaegemea nje, mwenye nyumba akaamuru ubomolewe, na Melkior akaujenga upya kwa gharama zake.

"Ukiwa na kifaa kibovu hujui kama wewe ndiye mbovu au chenyewe," anasema. "Nilijilaumu wiki nzima kabla sijagundua." Mwiko wake wa kupigia lipu ana nao mwaka wa ishirini na mbili. Umelika hadi umebaki kama jani la mgomba lililokatwa nusu, na hakubali kuubadilisha, maana anasema mkono wake umeshauzoea.

Calvin hakubaliani na wazee hao kwa kila kitu. Kwake randa nzuri ni mapato ya wiki nzima, tena wiki yenye kazi.

"Mama anasema kweli, sibishi. Lakini mimi nikianza kusubiri nipate laki na ishirini, wateja wanaenda kwa mwingine," anasema. "Nanunua ya elfu thelathini na tano, inanisogeza miezi minne. Ikifa, nanunua nyingine. Najua napoteza, ila ndo maisha yenyewe, nifanyeje?"

Margareta anamsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha anakaa naye kwenye gogo.

"Ana haki," anasema. "Kwa miaka mingi niliwahubiria vijana, nunueni vizuri, nunueni vizuri. Mwaka jana binti mmoja aliyetaka kuanza useremala alinisikiliza, akaenda dukani, akaona bei, akaacha kabisa. Anauza nguo sasa. Sikulala vizuri kwa habari ile. Nilimwambia ukweli, na ukweli wangu ukamfungia njia."

Kutokana na habari ile amepata wazo ambalo sasa linachukua muda wake wote wa ziada. Anataka kufungua chumba cha kuazima vifaa, ambapo fundi anayeanza anaweza kuchukua randa, msumeno au seti ya patasi nzuri, akafanyia kazi, akarudisha, mpaka atakapomudu ya kwake.

Ameanza kukusanya. Vifaa kumi na saba viko tayari, vingi vimetoka kwenye mitumba na kwa wajane wa mafundi waliofariki, ambao wangeviuza kama vyuma chakavu. Dhirendra amempa jiriwa mbili za kubania mbao na ameahidi misumeno sita. Melkior ameanza kujenga msingi nyuma ya nyumba, kwa siku anazokosa kibarua.

Je, haogopi kuibiwa, au kurudishiwa vifaa vilivyoharibika?

"Vitaharibika," anajibu. "Tupa ninazo, jiwe la kunolea ninalo, tutanoa. Na wa kuiba ataiba, ila atakuwa ameiba kifaa kizuri, angalau hakitamtoboa jicho."

Calvin anauliza kama na yeye, mwenye kibanda tayari, ataruhusiwa. Margareta anamwambia ataruhusiwa, ila kwa sharti: kila atakaporudisha kifaa, akae nusu saa amfundishe mtu mwingine kukinoa. Calvin anakubali.

Chumba kinatarajiwa kufunguliwa mvua za masika zikiisha. Kuta zimefika usawa wa kiuno, na Aristides na Melkior wamekuwa wakibishana na Margareta kuhusu mlango. Wao wanataka uwe mwembamba, wa chuma, kwa usalama. Margareta amekataa. Ameshachora wake kwa penseli ukutani, wa mbao, mpana kuliko mlango wa nyumba yake mwenyewe.

"Nataka mtu aingie na ngazi begani bila kujipinda," anasema, huku akionyesha kwa mikono miwili upana anaoutaka. "Na yule binti nimeshampelekea ujumbe. Amesema atakuja kuangalia."