Mwenyekiti Ametangulia Ujiji

Kundi letu la WhatsApp, la sisi tuliomaliza chuo pamoja, lilikuwa na watu arobaini na mmoja. Nilipohesabu mara ya pili tukawa arobaini, kwa sababu mmoja wetu alikuwa na simu mbili, na kila siku yake ya kuzaliwa alijipongeza mwenyewe na kujijibu asante.

Miaka thelathini na ushei ilikuwa imepita tangu tuvue majoho, na kila mtu alitoa habari zake jinsi alivyotaka ziaminike. Mmoja alistaafu ukurugenzi akawa mkulima wa parachichi. Picha zake zote zilikuwa za miche, sikuona hata moja ya tunda. Mwingine, aliyekuwa akibishana bweni zima kwamba Mungu hayupo, sasa alikuwa mchungaji na alitutumia neno la siku kabla jogoo hajawika. Waliobaki walituma magoti. Namaanisha picha za eksirei za magoti. Mimi niliyesoma uchumi nikaishia kuuza dagaa na migebuka kwa jumla pale Kibirizi, niliandika tu: "Nipo Kigoma, nauza samaki." Wakadhani ni unyenyekevu, wakaniuliza nina meli ngapi.

Siku moja ikaingia namba ngeni. "Amahoro. Mimi ni yule Mrundi. Nipo kambini."

Tulimkumbuka sote, hata waliojifanya hawakumbuki. Alikulia kwenye makazi ya wakimbizi wa zamani, akasoma nasi, kisha akarudi kwao Burundi kufundisha hesabu. Kwao kulipochafuka tena, akavuka mpaka na mjukuu mmoja na redio moja, akawa mkimbizi mara ya pili. Alikuwa kambini mwaka wa tatu bila kumwambia mtu, na sasa alikuwa amejiandikisha kurudi nyumbani. Malori yangewachukua Jumatatu ya wiki iliyokuwa inakuja.

Alichotaka kilikuwa kimoja. Chuoni, mwaka alipokosa chumba, mwenzetu mmoja alimbeba. Aliyesoma enzi zetu anajua kubebwa: unalala chumbani kwa mtu, msimamizi wa bweni akipita unakuwa mgeni, na mgeni huyo humaliza mwaka. Aliyembeba ndiye sasa mwenyekiti wa kundi letu. Yule Mrundi alitaka akae naye, amshukuru kwa mdomo wake, kabla ya Jumatatu. Baada ya hapo, aliniambia kwa simu, kila mmoja ana sukari na presha yake, nani anajua.

Basi nikapendekeza mkutano wetu wa mwaka ufanyike Kigoma, Jumamosi ya kabla ya malori. Wenzangu wakakubali haraka, nadhani kwa kuwa walidhani mwisho wa reli ndiko bei nazo huishia. Mwenyekiti alikuja kwa treni siku mbili kabla ya wote, akafikia kwangu Kasingirima, hapa Ujiji, kupanga viti.

Jumamosi asubuhi nikaenda kambini na pikapu yangu ya dagaa kumwombea mtu wetu kibali. Mkuu wa kambi alikuwa kijana wa umri wa mwanangu wa pili.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mkuu." Mfanyabiashara anajua kwamba shikamoo ni bei ya kufungulia tu.

"Vibali vya kutoka ni vya hospitali, mahakama na msiba," alisema. "Sherehe haimo."

"Si sherehe, mkuu. Ni watu wazima wanakutana."

"Watakula?"

"Watakula."

"Kutakuwa na hotuba?"

"Hotuba haiwezi kukosa."

"Hiyo ni sherehe."

Nikabadili mlango. "Mkuu, watu wametoka mbali. Mwenyekiti wetu alilala chumba kimoja na huyu mzee mwaka mzima. Ametangulia Ujiji tangu juzi. Anayesubiriwa ni huyu tu."

Mkuu akavua kofia. "Ametangulia?"

"Ametangulia."

"Mungu ailaze roho yake mahali pema. Ungeanza na hilo, mzee wangu."

Hapo ndipo nililisikia neno langu kwa sikio lake. Nilifungua mdomo nirekebishe, nikaona mkono wake unafuata mhuri. Katika maisha yangu ya sokoni sijawahi kuona muuzaji anashusha bei mwenyewe halafu mnunuzi anamkatalia. Nikafunga mdomo.

Nilichokosea ni kutokumfikiria mjumbe. Mkuu alimtuma mtu amwite mwenzetu, na mjumbe akaufikisha ujumbe kama alivyoupata. Mtu wetu akaja analia, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Nyuma yake walikuja majirani zake na kifuko cha mbaazi walichochangiana hapo hapo kutoka kwenye mgao wao, kwa ajili ya wafiwa.

"Amekufa lini?" akaniuliza.

Mhuri ulikuwa bado hewani. "Twende kwanza," nikasema.

Mhuri ukatua, na pamoja nao tukapewa msindikizaji: mama mmoja wa mgambo, Muha wa Kalinzi, mwenye sweta, rungu na macho ya mtu aliyezoea kupunjwa. Akapanda mbele, katikati yetu.

"Mimi msimamo wangu ni karatasi," alitangaza kabla hatujatoka getini. "Karatasi ikisema mazishi, nikikuta ngoma, nageuza gari."

Kwa hiyo nikaendesha gari lenye mfiwa wa kweli na msiba wa uongo, na katikati yao rungu. Kila nilipojaribu kumpa mwenzangu fununu, iligeuka hubiri.

"Usilie sana, ndugu yangu. Utamwona."

"Ego," akaitikia kwa Kirundi. "Siku ya mwisho."

"Amina," akasema mama wa mgambo.

"Namaanisha leo. Utamwona leo hii hii, yuko macho kabisa."

"Hawajamfumba macho?" mama akashtuka. "Ninyi wasomi mnazikaje?"

Nikasimamisha gari, nikajifanya nakagua tairi la nyuma, nikampigia mwenyekiti.

"Umekufa," nikamwambia.

"Nani?"

"Wewe."

"Tangu lini?"

"Tangu juzi. Ingia chumbani, ufunge mlango, usitoke mpaka nikwambie. Na wenzako uwaambie wahuzunike."

"Na chakula?"

"Marehemu hali," nikasema, nikakata simu.

Tulipofika Kasingirima, habari zilikuwa zimewafikia wenzetu nusu nusu. Mchungaji alikuwa ameshaushika uwanja na anaimbisha tenzi. Mke wangu, ambaye hakuna aliyemweleza lolote, alikuwa anapakua wali. Yule mkulima wa miche akasimama katikati ya ua akauliza kwa sauti:

"Nani amekufa?"

"Mwenyekiti," akajibiwa.

"Lakini nimetoka kucheza naye bao sasa hivi!"

"Ndivyo maisha yalivyo, ndugu," akasema mchungaji.

Mama wa mgambo akatikisa kichwa. "Wengine msiba huwapiga kwenye akili," akaninong'oneza.

Nilipanga nimvute mwenzangu pembeni nimweleze, lakini alinipita. Watu wakampisha, maana uso wake ndio pekee uliokuwa na msiba. "Yuko wapi? Nimwone." Mtu mmoja, kwa woga, akanyoosha kidole kwenye mlango wa chumba changu. Nikawahi kusimama mbele yake.

"Bado anaandaliwa," nikasema.

Basi akauwekea mlango mkono wake, akaanza kuzungumza na mbao.

"Ndugu yangu, nimechelewa. Ulinibeba mwaka mzima. Sikuwa na chumba, sikuwa na shuka. Ulichukua godoro lako la sponji ukalikata kwa wembe, ukanipa nusu, na hukuniuliza kwetu ni wapi. Nilisema nitakushukuru nikipata kazi. Nikaipata, nikasema nitakushukuru vita vikitulia. Vikatulia, nikasema barua haitoshi, nitakwenda mwenyewe. Ndiyo huku kwenda kwenyewe. Nimekuja na mbaazi."

Mkulima wa miche alikuwa analia, ingawa alijua vizuri aliyeshinda lile bao. Mama wa mgambo alivua kofia yake akaipakata.

Kisha sauti ikatoka chumbani.

"Haikuwa nusu."

Mwenzetu akauondoa mkono mlangoni kama umeunguzwa.

"Haikuwa nusu!" sauti ikapanda. "Ulichukua upande wa kichwa wote, ukaniachia kipande cha miguu! Mgongo huu unaniuma mpaka leo!"

"Mana yanje," mwenzetu akamwita Mungu wake kwa Kirundi, akakaa chini kwenye sakafu. Halafu mabega yakaanza kutikisika, nami nikadhani analia tena. Alikuwa anacheka. "Wembe ulikuwa wako," akauambia mlango. "Aliyekata ni wewe. Nani alikufundisha kugawa kwa mbili?"

"Wewe ndiye uliyekuwa mtu wa hesabu, ungepima!"

"Marehemu," mama wa mgambo akasema, akiinuka na rungu lake, "toka nje nikuone."

Mlango ukafunguka. Mwenyekiti akatoka na kikoi na fulana ya ndani, kidevu chake kinang'aa mawese. Hapo nikaelewa kwa nini sahani za migebuka nilizozihesabu mara mbili zilikuwa zimepungua moja.

Wale wawili wakakumbatiana kwa kubabaika, kama watu wanaobeba kabati kupita mlango mwembamba. Mama akawasubiri waachane, kisha akatugeukia sisi.

"Nani alisema huyu amekufa?"

Wasomi wote walinitazama mimi. Huo ndio umoja wetu.

"Mimi nilisema ametangulia Ujiji," nikamjibu. "Hapa si Ujiji? Na huyu si yeye?"

Akaniangalia vile mteja anavyoangalia mzani. "Mzee, wewe unauza samaki?"

"Ndiyo, mama."

"Nilijua." Akavuta kiti. "Misiba niliyosindikiza ni mingi, ila marehemu kubishana na mfiwa sijapata kuona. Sasa sikilizeni. Mimi nimetumwa msibani, na watu wamelia, nimeona mwenyewe. Msibani watu hula. Jua likifika pale juu ya ule mwembe, naondoka na mtu wangu. Nileteeni mgebuka, na usiwe mkia."

Ungedhani wale wawili wangekaa pembeni wamalize habari zao. Huwajui wenzangu. Kila mtu alitaka kupiga picha na mkimbizi. Mchungaji alimwombea kwa urefu. Mkulima alimweleza nafasi kati ya mche na mche. Mwenye simu mbili alimrekodi kwa zote. Mmoja alimuuliza kambini maisha yakoje, na kabla hajajibu akamwonyesha goti. Kila mwenyekiti alipofungua mdomo, palikuwa na hotuba ya kumkaribisha mwenyekiti afungue mdomo. Jua likafika juu ya mwembe, na wale wawili walikuwa hawajavuka habari za godoro.

"Twende," mama akasema.

Mwenzetu akasimama bila kulalamika. "Nitamwambia mkuu ukweli," akanitahadharisha. "Nililia mbele yake machozi ya kweli. Sitaki yageuke uongo kwa kukaa kimya."

Mwenyekiti alikuwa ameshavaa suruali, na kile kifuko cha mbaazi kilikuwa mkononi. "Nami nakwenda," akasema. "Siwezi kula rambirambi yangu mwenyewe. Nairudisha." Akapanda nyuma ya pikapu, kwenye harufu ya dagaa, na mwenzake akakataa kiti cha mbele akapanda naye. Njia nzima niliwaona kwenye kioo wanapigiana kelele, upepo unachukua kila neno.

Mkuu wa kambi alitukuta kwenye geti. "Poleni. Mmezika salama?"

"Hatukuzika," mwenzetu akajibu. "Yuko mzima. Ni yule pale anashuka."

Mkuu akamtazama mwenyekiti anavyoshuka kwa shida, mkono kiunoni. Akanitazama mimi. Nikaitazama milima.

"Wewe ndiye marehemu?"

"Ndimi, mkuu."

"Una kibali cha kuingia?"

"Sina. Nimeleta mbaazi tu."

Wale majirani walikuwa wamekusanyika kwa ndani. Bibi mmoja alipoelezwa alicheka mpaka akashika kamba iliyokinga geti, kisha akakataa katakata: kilichotoka kwenda msibani hakirudi nyumbani, kitavuta msiba. Mwenyekiti akasema basi msiba haukuwepo. Bibi akasema mbaazi hazijui hilo. Hivyo mtu aliyeheshimika katika mabaraza matatu akabaki amesimama barabarani, amekumbatia chakula chake cha matanga.

"Mzee ingia sasa," mkuu akamwambia mwenzetu. "Muda wako umekwisha."

Hakusogea wala hakugoma. Alikaa tu chini, upande wa ndani wa kamba, na mwenyekiti akakaa chini upande wa nje, taratibu, kwa ajili ya mgongo. Wakaanza, kwa sauti ya chini, kuulizana habari za watoto.

Mkuu akanivuta pembeni. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeliwa. "Kesho ni maandalizi, kesho kutwa ni malori. Siwezi kuwaacha hapa, mzee. Nawapa mpaka genereta iwashwe, basi."

"Mpaka izimwe," nikasema.

"Izimwe? Inazimwa saa nne za usiku!"

"Basi wewe taja katikati."

"Hakuna katikati. Iwashwe."

Niliupima uso wake mara mbili. Haukuwa na nafasi ya kupunguza hata senti. Nikampa mkono, tukafunga hapo.

Akatembea kuelekea kwenye kibanda cha bati ambako fundi alikuwa ameshashika kamba ya kuwashia mashine. Tulimsikia vizuri kutoka pale getini, maana alisema kwa sauti.

"Subiri kwanza," alimwambia fundi. "Fungua uangalie oili. Halafu uifute mashine. Yote."